Foleni Inasubiri Nini

Benchi letu limeegemea ukuta wa bandari, karibu kabisa na geti la malori. Limetengenezwa kwa mbao za kasha la mashine iliyoshushwa melini zamani, bado lina mshale mwekundu wa kuonyesha upande wa juu, ila fundi aliyelipigilia hakuutazama, kwa hiyo mshale unaelekea chini, na Shangazi Kufuli husema ndiyo maana kila anayekaa pale huanza kufikiri kichwa chini miguu juu. Mbele ya benchi kuna jiko langu la mkaa, mabirika mawili, vikombe, ndoo ya kusuuzia, na boksi la vipuri lililotandikwa kanga, ambamo mwanangu hulala akichoka kukaa mgongoni. Mimi ndiye wa kahawa. Wananiita Breki, kwa sababu naogopa kila kitu, naogopa honi, naogopa mbwa wa walinzi, naogopa mtoto akilia sana na naogopa zaidi akinyamaza sana, lakini nikifungua mdomo kuongea, wanasema, hapo breki sina hata moja.

Asubuhi hiyo niliogopa kwa sababu ya maana. Jana yake mlinzi wa geti alikuja kunywa kikombe chake akatuambia, hivi hivi tu, kama mtu anayesema kesho kutakuwa na jua, kwamba foleni ya malori ukutani inaondolewa. Kampuni mpya iliyopewa gati imekuja na utaratibu wake, kila lori litapewa saa yake kwa simu, litaingia moja kwa moja, huko ndani kuna uwanja, na asubuhi atakuja mtu wa ofisini kusikiliza maoni ya watu wa getini. Sikulala. Nani atakunywa kahawa ukutani kama ukutani hakuna mtu? Baba yake mtoto yuko bara kwenye ujenzi wa reli, anarudi mara mojamoja, na jiko hili ndilo linalotulisha mimi na mwanangu, basi nikawa napepea mkaa, nachungulia geti, napepea, mpaka mkaa wenyewe ukanichoka.

Aliyetangulia kufika ni Winchi. Aliendesha kreni humo ndani mpaka akastaafu, ni baba mdogo wa mume wangu, kwa hiyo kwangu ni baba, na mpaka leo akiongea mkono wake unapanda na kushuka polepole kana kwamba kuna kontena hewani. Akafuata Kanuni, wakala anayewatolea watu mizigo bandarini, mtu wa kuvaa tai hata shati likiwa halijapigwa pasi, na maneno yake yote huanza na kwa mujibu. Transiti akaja na mswaki mdomoni, yeye ni dereva, hupeleka mizigo ya transiti, ya kupita tu, nchi ya jirani isiyo na bahari, na lori lake lilikuwa limesimama pale pale ukutani. Mwisho akaja Shangazi Kufuli, anayewauzia madereva kamba, maturubai na kufuli, shangazi wa kila mtu na hana hata mpwa mmoja wa damu.

— Mwanangu, leo kahawa ina mawimbi, — Winchi akasema, akikitazama kikombe nilichokuwa nampa.

— Mwache, kaka, — akasema Shangazi. — Foleni ikiondoka, yeye anabaki na ukuta. Ukuta unakunywa kahawa?

Kanuni akaona hapo ndipo pa kuingilia. Kwa mujibu wake, zamani mamlaka ya bandari ilikuwa ndiyo kila kitu, gati lake, kreni zake, vibarua wake, bei yake, mpaka timu ya mpira. Siku hizi bandari nyingi duniani zimeshika njia nyingine, mamlaka inakuwa mwenye nyumba, inabaki na ardhi na maji, inatunga masharti na kukagua, na kampuni inakuwa mpangaji, inaleta mashine na kupakua meli. Hilo tulilielewa wote, na hapo ndipo penye hatari, maana Kanuni akishaeleweka hawezi kuishia hapo. Mpangaji naye, akasema, atapangisha chumba kimoja kwa mwenzake, huyo atapangisha sebule, wa sebuleni atapangisha kibaraza, na siku ukifuatilia ofisi kwa ofisi kutafuta mwenye gati hasa ni nani, utajikuta ni wewe mwenyewe, na umeshahamishwa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — Winchi akaitikia kwa uzito.

— Kwani mwenyeji alikuwa anaumwa nini? — Shangazi akauliza.

— Foleni.

Tukacheka. Winchi akasema enzi zao hakukuwa na simu ya kukupangia saa, kreni ilipanda, kreni ilishuka, na wahenga walilijua hilo tangu zamani waliposema mpanda ngazi hushuka, ndiyo maana wao walikuwa na mapumziko ya chai. Hakuna aliyembishia. Methali za Winchi ni kama breki za lori la Transiti, zipo, ila hazikamati pale unapotaka.

Transiti akatema povu la mswaki, akasema sisi wote tunatazama getini wakati jambo lenyewe liko bara. Wafanyabiashara wa ile nchi isiyo na bahari wana bandari mbili za kuchagua, yetu na ile ya majirani huko mbele ya pwani, na mzigo wao ukikaa sana hapa wanageuza malori, wanakwenda kule. Ndiyo maana sasa wamepewa viti kwenye baraza la watumiaji wa bandari, wanakaa meza moja na wakubwa, wanauliza kwa nini hili, kwa nini lile. Hilo nalo lilikuwa la kweli, nililisikia hata kwa mlinzi. Lakini alikuwa hajamaliza.

— Reli ikifika kwao, hawatataka bandari tena. Wataichukua bahari yenyewe. Behewa kwa behewa, maji ya chumvi mpaka kwao, wachimbe shimo mlimani, wamimine, wafungue ya kwao.

— Na samaki? — Kanuni akauliza, maana yeye huuliza ya utaratibu.

— Samaki watapita kama mzigo wa transiti. Muhuri usivunjwe njiani.

Shangazi akanigeukia. Akasema nyumba yangu ndiyo haielewi kabisa, mume yuko porini anajenga reli ya kuwanyang'anya malori mzigo, mke yuko ukutani anawanywesha wenye malori kahawa, watu wa kitanda kimoja mnavuta kamba pande mbili, sasa mtoto yuko upande gani? Mtoto akapiga chafya. Wakasema amepigia kura reli. Nikacheka, kweli nilicheka, sijui kama mnaijua hiyo hali, mdomo unacheka na miguu inataka kukimbia.

Winchi hakukubali kupitwa na dereva. Akakohoa, mkono ukapanda.

— Nyinyi mnasumbuka na reli. Tazameni meli. Kila mwaka zinarefuka. Itafika siku pua ya meli iko gatini hapa, na mkia bado uko kiwandani ng'ambo. Haina haja ya kusafiri. Mzigo unatembea tu juu ya sitaha mpaka unafika.

— Nahodha anakaa wapi?

— Katikati. Anayo pikipiki.

Shangazi Kufuli akasema afadhali hiyo meli, yeye anachokiona ni kontena kupewa simu. Si lori limepewa? Kontena nalo litataka. Yatapigiana, yatapangiana saa, yatapita getini yakiwasalimia walinzi kwa majina, kontena la viatu litachumbia kontena la soksi, na lenye simu halihitaji kufuli, litajifunga lenyewe likisikia usingizi. Alisema hivyo akijipiga paja kwa kicheko, mwanamke ambaye kazi yake yote ni kufuli, na mimi nikamtazama nikajiuliza, anatoa wapi moyo huu, angenikopesha hata robo.

Ndipo nikawakumbusha, kwa sauti ndogo, kwamba mtu wa ofisini yuko njiani na jana tulikubaliana Winchi ndiye atakayetusemea. Winchi akashika koo, akasema tangu aamke linamkwaruza. Kanuni akasema yeye, kwa mujibu wa leseni yake, hawezi kuonekana akibishana na ofisi inayompa hiyo leseni. Transiti akasema simu yake inaweza kumwita wakati wowote, na chombo cha kuzama hakina usukani, na simu haina usukani, kwa hiyo mtu asimtegemee. Shangazi akasema yeye yuko tayari kabisa, ila wote tunajua akianza huishia kwenye matusi. Halafu macho yote yakaja kwangu.

— Breki, wewe una kidato cha nne.

— Kidato cha nne nilisoma jiografia, Shangazi, sikusoma kugombana.

— Basi bandari ni jiografia.

Na ndipo akatokea. Nilimtazamia mzee mwenye miwani na gari, akaja dada wa rika langu kwa miguu, buti za kazi, kizibao cha njano, kofia ngumu kwapani, akampa Winchi shikamoo, akawasalimia wengine wote mmoja mmoja, akaomba nafasi kwenye benchi. Wakajisogeza. Nikammiminia. Ajabu ya watu wangu, waliokuwa wanahamisha bahari kwa mabehewa dakika hiyo hiyo, wote wakawa wanasoma vikombe vyao kama vina maandishi chini.

Afisa akaonja kahawa, akashukuru, akasema hatatuchosha. Watu wa bara wamelalamika kwenye baraza, wamesema mzigo wao hauchelewi baharini, unachelewa hapa ukutani, na wakubwa wamekubali kubadilisha, lakini wamemtuma kwanza auulize ukuta wenyewe.

— Mimi nina swali moja tu, — akasema. — Lori likiwa hapa, linasubiri nini?

Kanuni akaamka. Akasema makaratasi, kwa mujibu wa taratibu. Afisa akamuuliza kwa upole makaratasi ya mzigo wa lori hili la mbele yalikamilika lini, na Kanuni, ambaye ndiye aliyeyashughulikia, akaishika tai yake akasema juzi. Winchi akasema basi ni kreni, kreni zina kazi nyingi. Afisa akamwambia baba, kreni zimesimama tangu alfajiri, zinasubiri malori. Mkono wa Winchi ukabaki hewani, hauna mahali pa kushusha.

— Langu ni rahisi, — Transiti akasema. — Nasubiri aliye mbele yangu aondoke.

— Na aliye mbele yako anasubiri nini?

Tukageuka wote kutazama. Mbele ya lori la Transiti hakukuwa na lori. Kulikuwa na geti.

Transiti akakuna kichwa, akasema, kama anayeungama, kwamba utaratibu wa simu wameshaanza kuujaribu kwake, na saa aliyopewa ni ya alasiri. Afisa akamuuliza amefika lini. Alfajiri. Kwa nini? Transiti akamtazama Kanuni, Kanuni akamtazama Winchi, Winchi akamtazama Shangazi Kufuli, na Shangazi, naapa, akamtazama mtoto. Miaka yote ya ukuta ule, baba zao walipanga foleni, wao wamepanga foleni, tumekula na kulea watoto kwa hiyo foleni, na hakuna aliyewahi kuiuliza inasubiri nini.

Shangazi akanifinya. Nikasimama. Sikujua nitasema nini, nilijua tu kwamba nikikaa nitalia.

— Dada, mimi sijui wanasubiri nini, sitakudanganya, mimi najua wakiacha kusubiri mwanangu na mimi tumekwisha, kwa sababu hawa wakishapewa saa watapita hapa vumbi tu, na mimi siwezi kuwakimbiza na jiko kichwani na mtoto mgongoni, na wala sisemi foleni ibaki, hata mimi moshi wa malori unamkohoza mtoto, mimi nasema mkiihamisha foleni mtuhamishe na sisi, basi, ndilo hilo, samahani.

Nikaketi chini kabisa, si kwenye benchi, chini kando ya ndoo yangu. Afisa hakuandika kitu. Alimaliza kahawa yake taratibu, mimi huku nakufa, kisha akasema dereva atasubiri tu, saa mpya au saa ya zamani, atasubiri kidogo zaidi au kidogo pungufu, na huko uwanjani wamejenga kivuli, wamejenga vyoo, wameweka skrini kubwa, ila hakuna aliyekumbuka kwamba mtu anayesubiri ana koo. Nafasi ipo. Haijapewa mtu. Akisharipoti tu, akasema, atatokea bwana mmoja na friji la soda, aiwahi.

— Twende ukachague.

— Sasa hivi?

— Unasubiri nini?

Kijiwe kizima kikaangua kicheko, na mimi nikasimama nacheka nao. Nilikuwa sijawahi kuvuka lile geti. Nikamkabidhi Winchi mtoto, akampokea kwa mikono miwili akimshusha sentimita kwa sentimita, ananong'ona polepole, polepole, simamisha, na mtoto akatulia kuliko anavyotulia kwangu. Mlinzi akanipa kofia ngumu iliyonifika puani. Nikavuka.

Ndani kulinuka mafuta na chuma kilichokaa juani. Kulikuwa na mistari ya njano chini, na afisa akaniambia nitembee ndani ya mistari tu, nikatembea katikati kabisa, mguu mbele ya mguu, kama niko juu ya ukuta. Makontena yalipangwa yakawa mitaa, na juu yake zile kreni, ambazo kutoka nje huonekana vidole tu, kumbe zina miguu mirefu, naona haya kusema, nilizipa shikamoo moyoni. Uwanja wenyewe ulikuwa pale palipokuwa na ghala la zamani, wamebakisha paa, wameondoa kuta. Afisa akanionyesha kona nzuri karibu na mlango wa kuingilia, yenye upepo. Nikaitazama. Nikasema hapana. Mimi. Nilisema hapana kwa mtu mwenye kizibao, halafu nikaogopa, halafu nikaendelea. Nikamwonyesha chini ya ile skrini kubwa inayoonyesha kila lori na saa yake.

— Kwa nini hapa?

— Kwa sababu hapa ndipo kila mmoja atakapojua saa yake bado. Akishajua, atataka kukaa.

Afisa akanitazama, akatoa chaki mfukoni, akachora mstari sakafuni, upana wa jiko na urefu wa benchi, akaniuliza unatosha. Nikasema ongeza kidogo, kuna boksi la mtoto. Akaongeza.

Niliporudi nje nilikuta matanga. Mabirika yote mawili yalikuwa matupu kabisa, wamekunywa mpaka machicha. Kwa mujibu wa Kanuni, nilikuwa nimewekwa kizuizini kwa kukosa kibali. Transiti alisema nimepakiwa, alisikia kreni ikinyanyua. Winchi, mtoto kalala begani mwake, alikuwa ameshapanga jinsi atakavyomweleza mume wangu kwamba nimechukuliwa na ile meli ndefu, na kwamba mwenye pikipiki atanirudisha. Shangazi Kufuli peke yake hakuwa na nadharia, alikuwa anafuta macho, na aliponiona akanitukana vizuri sana, tusi la mapenzi, kwa kumtisha.

Wakataka niwaeleze kila kitu. Nikawaambia kahawa imeisha, maneno yatasubiri, benchi linahama sasa hivi kabla ya mwenye friji, na halibebwi na mdomo. Nani anashika wapi?

Winchi akanirudishia mtoto, nikamfunga mgongoni, na mzee akashika kona ya mbele bila koo kumsumbua tena. Kanuni akaitupa tai begani, akashika ya pili. Shangazi akashika ya tatu. Transiti akainama kwenye ya nne, na simu yake ikalia mfukoni. Akaisoma, akaisoma tena, akasema mzigo wake umewahi, wanamwambia aingize lori mara moja, yeye, aliyekesha barabarani ili afike alfajiri asubiri. Akakimbia huku anachechemea na ndala moja, nyingine ameiacha ukutani, tunamcheka mpaka mlinzi akatoka kuchungulia.

Kona yake ikabaki wazi. Wote wakanitazama, nami nikatazama ule ubao mpana, mzito, uliokaa ukutani tangu kabla sijazaliwa, nikachuchumaa, nikautia vidole chini. Winchi akasema inua, polepole, inua.

Lilikuwa jepesi kuliko nilivyoogopa.